Gari Lisilompendeza Dereva Wake: Namna ya Kuamua Kuliuza au Kubaki Nalo

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji wenye magari hawachoki kuyauliza, lipo moja linaloonekana dogo: gari ni zima, asubuhi linawaka, linafika linakotumwa, lakini mwenyewe hafurahii kuliendesha, na hajui kama sababu hiyo peke yake inatosha kulipeleka sokoni. Swali ni zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Tanzania yametumika kwanza Japani, na mnunuzi hulichagua gari kwa picha zilizotumwa kutoka ng'ambo au kwa kulizungusha yadini kwa dakika chache, kisha hulazimika kuishi nalo kwa miaka. Msimamo wa makala haya ni kwamba kutopenda kuendesha gari ni sababu halali ya kuliuza, ila ni baada ya mwenyewe kujua kwa hakika ni kitu gani hasa asichokipenda, kwa sababu mara nyingi kinacholaumiwa kuwa ni gari huwa ni bushi zilizolika, matairi yaliyozeeka au kiti ambacho hakijawahi kurekebishwa tangu gari literemke bandarini.

Kuandika kabla ya kuamua

Hatua ya kwanza haihitaji fundi wala fedha. Kwa muda wa wiki nne mwenye gari aweke daftari ndani ya gari, na kila anapomaliza safari iliyomkera aandike mambo matatu: njia aliyopita, mwendo aliokuwa nao kero ilipotokea, na kero yenyewe kwa maneno ya kawaida kabisa, kama vile "usukani unatetemeka", "mgongo unauma baada ya saa moja" au "linachelewa kuondoka kwenye mzunguko". Maneno ya jumla kama "gari zito" au "gari halina raha" hayasaidii, kwa kuwa hakuna fundi anayeweza kufungua boneti akatafuta raha, wala mwenyewe hataweza kupima kama gari atakalonunua badala yake litakuwa nayo.

Aliyelinunua gari hivi karibuni, hasa anayetoka gia ya mkono kwenda otomatiki, au anayetoka gari dogo kama Vitz kwenda gari pana kama Harrier, anashauriwa asubiri miezi miwili kabla hata ya kuanza kuandika, maana siku za mwanzo mwili bado unafuata vipimo vya gari la zamani na kila kitu huonekana kimewekwa pasipostahili.

Wiki nne zikiisha, kero zote zigawanywe katika makundi manne:

- Ubovu, yaani kitu kilichochakaa au kuharibika ambacho gari likiwa zima halina.
- Mpangilio, yaani kitu kinachoweza kurekebishwa bila kubadilisha kifaa kikubwa, kama kiti, vioo, upepo wa matairi na redio.
- Maumbile, yaani jinsi gari lilivyoundwa kiwandani: ukubwa wake, nguvu ya injini, kimo chake kutoka ardhini, upana wa nguzo zinazoziba macho.
- Mambo yasiyo ya gari, kama foleni, barabara mbovu, hofu iliyobaki baada ya ajali, au deni lililotumika kulinunua.

Kundi la tatu ndilo linaloweza kuhalalisha uuzaji kwa nguvu zake lenyewe. Kero zikiwa nyingi katika makundi mengine matatu, mwenye gari akiuza atalipa gharama kubwa kuondoa kitu kidogo, au atauza na kukikuta kitu kile kile kikimsubiri katika gari jipya.

Ubovu unaodhaniwa kuwa tabia ya gari

Uchakavu wa gari huja taratibu mno hivi kwamba dereva huuzoea bila kujua, na aliyelinunua likiwa limeshachakaa huamini kwamba magari yote ya aina ile ndivyo yalivyo. Dalili zifuatazo ni za ubovu, na karibu zote hutengenezeka kwa gharama iliyo ndogo sana ikilinganishwa na hasara ya kuuza na kununua upya:

- Usukani kutetemeka gari linapofika kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa kisha kutulia mwendo unapopungua: kwa kawaida magurudumu hayajabalansiwa, au rimu imepinda, au tairi mojawapo limevimba.
- Usukani au pedali kutetemeka pale tu breki inapokanyagwa: diski za breki zimepoteza usawa wa uso wake.
- Gari kuvuta upande mmoja: upepo wa matairi haulingani, magurudumu hayajanyooka, au breki ya gurudumu moja inakaba bila kuachia, na hii ya mwisho hujitambulisha kwa rimu moja kuwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari.
- Kugonga chini gari linapopita kwenye matuta na mashimo: bushi, linki za stabilaiza au boli joint zimelika.
- Kunesanesa mara mbili au tatu baada ya tuta: shokapu zimekufa.
- Mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, usiofuata mlio wa injini: beringi ya gurudumu, au tairi lililolika kwa mawimbi.
- Mtikisiko wa mwili wote wa gari likiwa limesimama kwenye taa huku gia ikiwa kwenye D: mara nyingi ni mauntingi, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba injini.

Matairi yanastahili neno la ziada kwa kuwa ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likizeeka mpira wake hukauka na kuwa mgumu hata kama kashata bado inaonekana nene, nalo hupiga kelele, hugonga kila jiwe na huteleza mvua ikinyesha. Upepo nao hujazwa kwa mazoea ya kijana wa pancha badala ya kipimo cha gari. Kipimo hicho kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na katika magari ya Kijapani huandikwa kwa kipimo cha kPa, ambapo 220 ni sawa na paundi 32 hivi za mashine zinazotumika hapa nchini. Tairi linalojazwa kupita kiasi hulifanya gari liruke kila palipo na kokoto, na mwenye gari akadhani amenunua mkokoteni.

Kuhusu giaboksi, lipo jambo linalowachanganya wengi. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana giaboksi ya aina ya CVT, yaani giaboksi isiyo na gia zilizohesabika bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na kwa maumbile yake injini hupiga kelele kwanza ndipo gari lifuate. Tabia hiyo si ubovu, na asiyeipenda ana haki ya kuihesabu katika kundi la maumbile. Lakini gari likishtuka linapoondoka, au likinguruma bila kusonga, huo ni ubovu, na chanzo kimojawapo cha mara kwa mara ni fundi aliyemimina oili ya kawaida ya otomatiki mahali palipohitaji oili maalumu ya CVT. Mwenye gari aulize jina la oili iliyotumika na alilinganishe na kitabu cha gari kabla ya kuruhusu mtu yeyote kufungua giaboksi.

Utaratibu wa matengenezo una maana yake. Upepo na kubalansi vitangulie kwa kuwa ni vya bei nafuu, vifuate bushi, linki na shokapu, na upimaji wa unyoofu wa magurudumu, ambao mafundi huuita alaimenti, uje mwisho, kwa sababu kuupima wakati bushi zimelegea ni kutupa fedha: bushi zitakapobadilishwa vipimo vyote vitahama. Fundi apande ndani ya gari na aendeshwe katika barabara ile ile yenye kero, asilisikilize likiwa limesimama gerejini. Tena, mwenye gari amchunguze fundi ambaye ni dalali kwa mlango wa nyuma, maana fundi mwenye mteja mfukoni ana sababu nzuri ya kusema kwamba gari limekwisha.

Gari lililonyanyuliwa au kubadilishwa rimu

Barabara za mitaani zimewafundisha watu wengi kunyanyua magari ya chini kwa kuweka spesa, yaani vipande vinavyochomekwa juu ya shokapu au springi ili mwili wa gari upande. Faida yake inajulikana na kila aliyewahi kukwaruza bampa. Hasara yake haitajwi sana: gari hulalia upande kwenye kona kuliko lilivyokusudiwa, shafti za magurudumu ya mbele hufanya kazi katika mwinuko usio wake, na usukani hupoteza utulivu. Rimu kubwa zenye matairi membamba huongeza kugonga kwa gari, na matairi yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani huidanganya mita ya mwendo, ikaonyesha mwendo mdogo kuliko halisi.

Mwenye gari la aina hii anayelichukia hana budi kujiuliza kama analichukia gari au analichukia badiliko. Kuondoa spesa na kurudisha saizi ya matairi ya kiwandani ni kazi ya siku moja gerejini, na wiki mbili za kuliendesha katika hali hiyo zitamjibu kwa uhakika kuliko ushauri wa mtu yeyote. Kama gari likirudi chini linapendeza lakini halifiki nyumbani kwa sababu ya makorongo, basi jibu limepatikana: gari halifai kwa makazi yake, nalo liuzwe.

Kiti na Kijapani kisichoeleweka

Maumivu ya mgongo na ya goti mara nyingi hutokana na mkao. Kiti kisogezwe mpaka pedali ya breki ikikanyagwa hadi mwisho goti libaki limekunjika kidogo. Mgongo wa kiti uinuliwe mpaka kifundo cha mkono kiweze kulala juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Kifua kibaki si chini ya sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, palipo na mfuko wa hewa wa kujikinga na ajali. Na kilele cha egemeo la kichwa kilingane na kilele cha kichwa. Dereva mfupi apandishe kiti kama kina kishikizo cha kupandishia, na kama hakina, mto mgumu usioteleza ni bora kuliko sponji laini.

Zipo pia kero ndogo zinazotokana na gari kuwa la Japani, na zisidharauliwe, kwa maana kero inayojirudia kila siku hulemea kuliko kubwa inayotokea mara moja. Kifaa cha kulipia barabara kielektroniki husema maneno ya Kijapani kila gari linapowashwa kwa kuwa hakina kadi. Fundi umeme hukichomoa kwa muda mfupi. Redio nyingi za Kijapani za zamani hushika megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni za FM hapa ziko kati ya 88 na 108, hivyo dereva hubaki na stesheni chache, na tiba yake ni kufunga redio nyingine. Mfumo unaozima injini kila gari linaposimama huwaudhi wengi kwenye foleni, nao una kitufe cha kuuzima kwenye dashibodi, chenye alama ya herufi A iliyozungukwa na mshale.

Maumbile: kipimo kimoja kinachotosha

Njia nyepesi ya kujua kama kero ni ya maumbile ni kuomba kuendesha gari jingine la aina ile ile, la mwaka unaokaribiana, linalotunzwa vizuri na mtu mwingine, na kuliendesha katika njia ile ile. Kero ikitoweka, tatizo lilikuwa ubovu. Kero ikibaki, fundi hana la kufanya, na fedha zote zitakazoendelea kutumika gerejini zitaliboresha gari lisilotakiwa.

Mifano ya maumbile yasiyotibika ni pamoja na injini ya sentimita za ujazo 1,000 inayobebeshwa watu wazima watano na mizigo kupanda Kitonga kuelekea Iringa, nguzo nene za mbele zinazoficha bodaboda kwenye njia panda, gari refu linalohitaji mizunguko mitatu kuingia geti la nyumbani, na kiti ambacho hata kikirekebishwa hakimtoshi dereva mrefu. Ulaji wa mafuta nao huingia hapa, mradi upimwe wala usikisiwe: tangi lijazwe mpaka juu, kilomita zisomwe, gari liendeshwe kama kawaida, tangi lijazwe tena katika kituo kile kile, kisha kilomita zilizotembewa zigawanywe kwa lita zilizoingia. Gari lililotembea kilomita 420 na kupokea lita 42 limekwenda kilomita 10 kwa lita. Kipimo kirudiwe mara mbili, na kilinganishwe na cha wenye magari ya aina ile wanaopita njia zinazofanana, si na namba iliyotangazwa kiwandani.

Yasiyo ya gari

Hili ni fupi. Anayekaa saa mbili kwenye foleni ya kuingia mjini atachukia gari lolote, na aliyewahi kugongwa kwa nyuma ataogopa katika gari lolote. Wa kwanza ajaribu kubadilisha saa ya kuondoka nyumbani au kutumia mabasi ya mwendokasi siku kadhaa za wiki. Wa pili achukue masomo machache na mwalimu wa udereva akiwa katika gari lake mwenyewe.

Hesabu ya kuachana na gari

Ikishathibitika kwamba kero ni ya maumbile, ndipo hesabu inapofanywa, na kosa kubwa hapa ni kutazama tofauti ya bei mbili tu. Mfano ufuatao umetungwa kuonyesha njia, na kila mmoja ataingiza takwimu zake.

Gari lililopo linapata mnunuzi wa shilingi milioni 11, na linalotakiwa linauzwa milioni 16. Tofauti ni milioni 5, lakini orodha haijaisha:

- Dalali: 500,000.
- Uhamisho wa umiliki na nyaraka: 300,000.
- Matengenezo ya kwanza ya gari lililonunuliwa, yaani oili zote, plagi, betri au matairi: 1,500,000.
- Ongezeko la bima: 300,000.

Fedha za kutoa mfukoni sasa ni milioni 7.6. Hata hivyo, si zote zinazopotea, kwa kuwa baada ya miaka mitatu gari lililo jipya zaidi nalo litauzwa. Tuseme wakati huo lingepata milioni 12 na lile la zamani lingepata milioni 8. Tofauti ya milioni 4 imehifadhiwa ndani ya gari, na gharama halisi ya kubadilisha ni milioni 3.6 kwa miezi 36, yaani shilingi 100,000 kila mwezi. Kama gari la zamani lingehitaji matengenezo makubwa katika miaka hiyo, kiasi hicho nacho kipunguzwe.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na yasichanganywe. La kwanza ni kama milioni 7.6 zinaweza kupatikana bila kukopa kwa riba au kugusa ada za watoto. La pili ni kama kuondokana na kero ile kuna thamani ya 100,000 kila mwezi kwa mtu huyu na kwa safari zake. Anayeendesha saa tatu kwa siku anaweza kujibu ndiyo bila kuona haya, na anayelitoa gari Jumamosi kwenda sokoni yamkini atajibu hapana.

Mashaka yanayorudi mara kwa mara

Wapo wanaodai kwamba gari limekwisha kuwagharimu mno kwa matengenezo na kwamba kuliuza sasa ni kupoteza yote. Wachumi huiita fedha ya namna hiyo gharama iliyozama, yaani gharama ambayo hairudi kwa uamuzi wowote utakaofanywa, na ndiyo maana haipaswi kuingia katika hesabu. Kinachohesabiwa ni kitakachotumika kuanzia leo.

Wengine huhofia kwamba gari jingine litakuwa bovu zaidi, na hofu hii ina msingi. Mchumi wa Marekani George Akerlof alionyesha katika makala yake ya mwaka 1970 kwamba katika soko la magari yaliyotumika muuzaji hujua asichokijua mnunuzi, na hali hiyo huyavuta sokoni magari mabovu kuliko mazuri. Gari ambalo mwenyewe analijua kasoro zake zote lina thamani ambayo haionekani kwenye tangazo. Hofu hiyo, hata hivyo, isimfunge mtu milele. Inamtaka alikague analolinunua kwa fundi asiyejuana na muuzaji.

Lipo pia shaka la aibu, kwamba ndugu na majirani watashangaa kuona gari zima likiuzwa. Hao hawakai kwenye kiti cha dereva. Na wale wanaoamini kwamba gari limeingiwa na mkosi kwa kuwa limegongwa mara tatu wapime kwanza vioo, breki na nguzo zinazoziba macho, kwani gari lisiloonyesha vizuri kinachokuja linaweza kugongwa mara tatu bila msaada wa mkosi.

Ubishi mzito kuliko yote ni ule wa wanaosema kwamba gari ni chombo cha kazi na kupendwa si sharti. Kauli hiyo ni sahihi kwa gari linaloendeshwa na dereva wa kuajiriwa kwa safari fupi. Kwa dereva anayelichukia gari lake kiasi cha kuendesha kwa hasira, kuharakisha ili ashuke, au kuahirisha safari za lazima, chuki imekwisha kuwa suala la usalama, na hapo hesabu ya shilingi hushika nafasi ya pili.

Makosa ya kawaida

- Kuliuza gari katika wiki liliyoharibika. Hasira hushusha bei, na wanunuzi wazoefu huisikia kwenye simu.
- Kuuza kabla ya kuendesha lile linalotakiwa katika njia ya kila siku, pamoja na foleni, matuta na geti la nyumbani. Kulizungusha yadini hakuhesabiki kuwa ni kuliendesha.
- Kutengeneza kila kitu kabla ya kuuza. Kuosha, kubadilisha oili, kurudisha taa zilizokufa na kuzima taa ya onyo kwa kutibu chanzo chake vinalipa. Kupiga rangi gari zima kwa kawaida hakulipi, tena rangi mpya humfanya mnunuzi aulize inaficha nini.
- Kuficha ubovu wa breki au usukani, au kurudisha nyuma kilomita. Huo ni udanganyifu, na ubovu wa breki unaweza kuua.
- Kuuliza bei kwa dalali mmoja. Dalali huweka cha juu, yaani nyongeza yake ya siri juu ya bei ya mwenyewe, na bei anayomtajia muuzaji si lazima iwe ile anayomtajia mnunuzi.

Kuhusu bei, soko la Tanzania lina kipimo chake ambacho mgeni hukishangaa: watu huanza kwa kuuliza herufi ya namba ya usajili, kama gari ni "namba C", "namba D" au "namba E", kwa kuwa herufi hiyo huonyesha takriban lilisajiliwa nchini lini. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mwaka wa kutengenezwa wala matunzo, na mwenye gari lililotunzwa vizuri lenye herufi ya zamani aweke tayari risiti za matengenezo, maana ndizo silaha yake pekee ya kupinga bei ya kutupa. Nchini Kenya mizani ni tofauti kidogo, kwa kuwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, wakati Tanzania huliruhusu ila hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Ushuru huo, pamoja na ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ndio unaofanya gari lililokwisha kusajiliwa lisishuke bei haraka kama linavyoshuka Japani.

Hatua za kuuza baada ya uamuzi

1. Kuhakikisha kadi ya gari ina jina la muuzaji. Aliyelinunua kwa mkataba tu bila kuhamisha umiliki amtafute muuzaji wake wa awali kabla ya kutangaza. Kadi ikiwa imeshikwa na benki kwa ajili ya mkopo, deni lisafishwe au benki ishirikishwe tangu mwanzo.
2. Kuangalia faini za barabarani katika mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya gari, na kuzilipa.
3. Kuelewana na mwenzi wa ndoa na yeyote aliyechangia ununuzi, tena kabla mnunuzi hajatokea.
4. Kupanga bei mbili: ya kutangaza, na ya mwisho ambayo chini yake gari haliuzwi. Ya pili asiambiwe dalali.
5. Kumruhusu mnunuzi kulijaribu gari muuzaji akiwa ndani, baada ya kuona leseni yake ya udereva.
6. Kupokea malipo benki, na kuyathibitisha kwa kuangalia salio lenyewe badala ya ujumbe wa simu, kwa sababu ujumbe wa malipo hughushiwa.
7. Kuandika mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye tarehe na saa ya makabidhiano, namba ya injini na ya chasisi, na kasoro ambazo mnunuzi ameelezwa. Saa huandikwa kwa sababu faini au ajali ya siku ile ile lazima ijulikane ni ya nani.
8. Kufuatilia uhamisho wa umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambako pande zote mbili huhitaji namba ya mlipakodi na ambako hulipwa ada ya uhamisho, ya kadi mpya na ushuru wa stempu. Msomaji wa Kenya atafanya kazi hiyo kwa mamlaka ya NTSA kupitia eCitizen.

Hatua ya nane ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa mnunuzi huahidi kuifanya "wiki ijayo" na muuzaji, akiwa amekwisha kupata fedha zake, haoni sababu ya kumsumbua. Mpaka kadi itoke kwa jina jipya, gari litakalogonga mtu na kukimbia litamletea polisi mwenye jina la zamani. Njia salama ni pande mbili kwenda pamoja siku ya malipo, au sehemu ndogo ya bei kuachwa kwa wakili mpaka uhamisho ukamilike. Siku hiyo hiyo kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limeuzwa, na aliyekuwa na bima kubwa aulize kama kipindi kilichobaki kinaweza kurudishiwa fedha au kuhamishiwa gari atakalonunua. Nakala za mkataba, za kadi ya zamani na za vitambulisho vya mnunuzi zihifadhiwe nyumbani, si kwenye droo ya gari lililouzwa.